Mwezi unaopotea: si ulozi, ni hormoni



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya kofia ya kazi, viatu vya chuma, vumbi na baruti. Leo tunaacha mgodi, tunaingia nyumbani. Sababu hatari haibaki kazini tu. Kuna hatari nyingine inayokaa kimya ndani ya nyumba, na inaharibu jamaa nyingi bila kupiga kelele.

Katika kambi zetu mwanamke haitwi kwa jina lake. Akizaa tu, anaitwa Mama wa fulani, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Hilo ni jina la heshima. Basi fikiri bibi aliyeolewa tangu miaka mitatu au mine. Kwenye bomba la maji wenzake wote wanaitwa Mama huyu na Mama yule. Yeye anaitwa bibi ya fulani tu. Mama mkwe anauliza. Ndugu za bwana wanaanza kusema juu ya mali iliyotolewa. Wengine wanatafuta nani amemfunga tumbo. Bwana anakwenda kwa mufumu, bibi anakwenda kwenye chumba cha maombi, na mushahara wa miezi mingi unapotea kwa njia hiyo.

Lakini kuna neno moja ambalo mara nyingi hakuna mtu anayemuuliza huyo bibi: Je, mwezi wako unauona namna gani?

Akiulizwa hivyo angejibu: «Siuoni sawasawa. Unakuja leo, halafu unapotea miezi miwili, miezi mitatu.» Na hapo ndipo njia ya kuelewa inapoanza.

UGONJWA HUU NI NINI?

Waganga wanauita ugonjwa wa ovari zenye vifuko vingi. Ovari ni viungo viwili vidogo, kimoja kuume na kimoja kushoto kwa tumbo la uzazi. Ndimo mayai ya mwanamke yanamokaa.

Ugonjwa huu si wa jana. Mwaka 1935, mjini Chicago, Marekani, waganga wawili, Irving Stein na Michael Leventhal, waliandika juu ya wanawake 7 waliokosa mwezi wao, na ambao ovari zao zilikuwa kubwa na zimejaa vifuko vidogo. Waliwapasua, wakakata sehemu ya ovari. Wote 7 wakaanza kuona mwezi tena, na 2 kati yao wakapata mimba. Kwa muda mrefu ugonjwa uliitwa kwa majina ya waganga hao. Siku hizi hakuna haja ya kisu mara nyingi, kwa sababu dawa zipo.

Tena si ugonjwa wa watu wachache. Katika dunia nzima, kati ya wanawake 10 walio katika umri wa kuzaa, karibu mmoja anao. Wengi wao hawajui. Hesabu wewe mwenyewe: katika barabara moja ya kambi yenye nyumba 30, wanaweza kuwamo wanawake watatu. Basi usiseme ni jambo la nyumba ya jirani.

KENGELE ZILIZOCHANGANYIKA

Wewe unayefanya kazi chini ya ardhi utaelewa haraka. Ili kupandisha watu au mawe kutoka chini, mtu wa chini anapiga kengele. Mtu wa juu kwenye mashine anasikia hesabu ya kengele, anajua kama anapaswa kupandisha, kushusha au kusimama. Kengele zikichanganyika, mashine ni nzima, kamba ni nzima, lakini kazi haiendi.

Mwili wa mwanamke unafanya kazi namna hiyo. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo. Tezi hiyo na ovari zinaitana kwa njia ya hormoni. Hormoni ni kama kengele zinazopita ndani ya damu. Kila mwezi vifuko vichache vinaanza kukomaa ndani ya ovari. Kimoja kinawatangulia wenzake, kinakua mpaka karibu milimeta 20, kinapasuka na kutoa yai. Kama yai halikukutana na mbegu ya mwanaume, baada ya siku karibu 14 mwezi unakuja.

Kwa mwanamke mwenye ugonjwa huu, kengele zimechanganyika. Vifuko vingi vinaanza kukua, lakini vinasimama vikiwa vidogo, milimeta 2 mpaka 9. Hakuna kinachowatangulia wengine. Yai halitoki. Mwezi unachelewa au unapotea. Vifuko hivyo si uvimbe mbaya, wala si kansa. Ni mayai yaliyosimama njiani.

Kitu gani kinachochanganya kengele? Mambo mawili yanashikana mkono.

La kwanza ni hormoni za kiume. Kila mwanamke anazo kidogo, kama vile kila mwanaume ana hormoni za kike kidogo. Lakini ovari za mgonjwa huyu zinatoa zaidi ya kipimo. Ndiyo sababu anaweza kuota ndevu.

La pili ni insulini. Insulini ni hormoni inayofungua mlango ili sukari ya damu iingie katika nyama za mwili. Kwa wanawake wengi wenye ugonjwa huu, mlango ni mgumu kufunguka. Basi mwili unatoa insulini nyingi zaidi ili kuusukuma. Insulini hiyo nyingi inafika kwenye ovari na kuziamuru zitoe hormoni za kiume zaidi. Mambo hayo mawili yanazunguka hivyo, moja likisukuma lingine.

Kwa nini huyu na si yule? Mara nyingi ugonjwa unapita katika jamaa. Kama mama, dada au shangazi anao, angalia vizuri. Hakuna mtu aliyemfunga. Hakuna dhambi aliyoifanya. Hakulipwa kwa maisha yake ya usichana.

DALILI ZAKE

Wanawake wote hawaonyeshi dalili zile zile. Angalia hizi:

1. Mwezi unakuja baada ya zaidi ya siku 35, au mwanamke anauona mara chini ya 8 kwa mwaka.
2. Nywele zinaota kwenye kidevu, juu ya mdomo, kifuani au chini ya kitovu.
3. Chunusi nyingi ambazo haziishi hata baada ya umri wa usichana.
4. Nywele za kichwa zinapungua katikati.
5. Ngozi ya shingo au ya makwapa inakuwa nyeusi na nene kama mahameli. Wengi wanadhani ni uchafu, wanasugua mpaka wanajiumiza. Si uchafu. Ni alama ya insulini nyingi.
6. Unene unaoongezeka hasa kwenye tumbo. Lakini fahamu: kuna wanawake wembamba wenye ugonjwa huu pia.
7. Mimba inakawia.

Kazini, mkubwa wa kazi anaandika kwenye ubao siku zilizopita bila ajali. Mama, fanya vile vile nyumbani. Chukua kalenda ya ukutani, weka alama ndogo siku ya kwanza ya mwezi wako. Fanya hivyo miezi sita. Utakapokwenda kwa munganga, kalenda hiyo itazungumza kuliko maneno mengi.

KWA MUNGANGA

Nenda kwanza kwenye dispanseri ya kambi, wao watakutuma hospitali ikihitajika. Usione haya. Munganga atauliza juu ya mwezi, juu ya jamaa yako, juu ya dawa unazokunywa. Atapima uzito, atapima tansio, ataangalia ngozi na nywele.

Tangu mwaka 2003 waganga wana sheria iliyopatana Rotterdam, Uholanzi. Kwa mwanamke mzima wanatafuta mambo matatu: mwezi usiokwenda sawa, hormoni za kiume zilizozidi, kwa dalili au kwa damu, na vifuko vingi ndani ya ovari vinavyoonekana kwa ekografi. Mambo mawili kati ya hayo matatu yanatosha. Basi kama mwezi haukwendi sawa na ndevu zinaota, ugonjwa unaweza kujulikana hata pasipo mashine ya ekografi. Usikate tamaa kwa sababu mashine iko mbali.

Lakini kwanza munganga lazima aondoe magonjwa mengine yanayofanana. Tezi ya shingo ikifanya kazi vibaya, mwezi unaharibika pia. Hormoni ya maziwa ikizidi, vile vile. Na kipimo cha kwanza kabisa ni cha mimba! Mama asiyeona mwezi wake anaweza kuwa tayari na mimba bila kujua.

Ataomba pia damu ipimwe sukari. Jambo hili ni kubwa, tutalirudia.

BWANA, NA WEWE UPIMWE

Hapa tunasema na wewe baba, bila kuzunguka. Mtoto anatoka kwa watu wawili. Katika nyumba nyingi zinazokosa mtoto, shida iko kwa mwanaume, au iko kwa wote wawili. Joto kubwa la tanuru siku kwa siku, vumbi la plomo, tumbaku na pombe nyingi, vyote vinaweza kupunguza nguvu ya mbegu. Na kisonono ambacho hakikutunzwa kinaweza kuziba njia ya mwanaume na ya mwanamke pia.

Kupima mbegu za mwanaume ni kazi rahisi kuliko vipimo vingi vya mwanamke. Hakuna sindano, hakuna kisu. Basi kwa nini bibi apimwe mara kumi, na bwana asipimwe hata mara moja? Kabla ya kusema «bibi yangu ni tasa», nenda naye. Mkae pamoja mbele ya munganga.

Tena msiharakishe hukumu. Kati ya nyumba 100 zinazotafuta mtoto, karibu 85 zinapata mimba ndani ya mwaka mmoja. Waganga wanangoja mwaka huo kabla ya kuanza uchunguzi. Lakini kama bibi ana zaidi ya miaka 35, nendeni baada ya miezi sita. Na kama mwezi wake haukwendi sawa tangu zamani, hakuna sababu ya kungoja.

MATUNZO

Ugonjwa huu hauponi kwa siku moja. Unaongozwa. Mtu anaishi nao kama anavyoishi na tansio: anauangalia, anautunza, na maisha yanaendelea. Matunzo yanafuata kile mama anachotafuta.

Kama anatafuta mtoto. Kuna vidonge vinavyoamsha ovari. Klomifeni imetumika tangu miaka ya 1960. Siku hizi waganga wanaanza mara nyingi na letrozoli. Mwaka 2014 waganga wa Marekani walitangaza majaribio yao kwa wanawake 750 wenye ugonjwa huu. Waliopewa letrozoli, karibu 28 kati ya 100 walizaa. Waliopewa klomifeni, 19 kati ya 100. Hayo yalipatikana kwa vidonge vya miezi mitano tu. Lakini dawa hizo hazinunuliwi sokoni kama peremende. Zinatolewa na munganga anayejua siku ya kuanza na siku ya kuacha, na zinaweza kuleta mapacha.

Kama hatafuti mtoto sasa. Munganga anaweza kumpa vidonge vya uzazi wa mpango. Vinapanga mwezi, vinapunguza chunusi na ndevu. Havifai kwa kila mtu: mwenye tansio kubwa, aliyepata kuganda kwa damu, au mwenye miaka zaidi ya 35 anayevuta tumbaku, amwambie munganga kwanza. Tena jueni hili: mwenye ugonjwa huu si tasa. Yai linaweza kutoka siku yoyote bila kuonya. Asiyetaka mimba ajikinge kama wanawake wengine.

Kama insulini ni nyingi. Kuna metiformini, dawa ya ugonjwa wa sukari. Inasaidia mwili kutumia insulini yake. Mwanzoni inaweza kuchafua tumbo, kwa hiyo inaliwa pamoja na chakula, na kipimo kinapandishwa pole pole.

SAHANI YA CHAKULA

Tangu wakati wa Union Minière, unga wa mahindi ulikuwa posho ya mfanyakazi, na mpaka leo bila bukari mtu anasema hakula. Hatusemi uache bukari. Tunasema uangalie kipimo.

Gawa sahani yako. Nusu yake iwe mboga: sombe, lengalenga, matembele, kabichi. Robo moja iwe samaki, maharagwe, mayai au nyama. Robo iliyobaki iwe bukari. Unga uliosagwa pamoja na maganda yake unashibisha zaidi kuliko unga mweupe kabisa. Mafuta ya ngazi ni chakula kizuri, lakini kijiko kinatosha. Si lazima sombe iogelee.

Adui mkubwa ni sukari inayokunywewa. Chupa moja ya sukre, chai yenye vijiko vitano, mkate mweupe asubuhi na vitumbua saa kumi: yote hayo yanaamsha insulini. Kunywa maji. Punguza kijiko kimoja cha sukari kila juma. Baada ya mwezi mmoja ulimi umezoea.

Na mwili ufanye kazi. Kutembea kwa haraka dakika 30, siku tano kila juma, kunafungua ule mlango wa sukari hata kama uzito haujapungua. Mama anayelima shamba lake pembeni ya mji tayari yuko kwenye matunzo. Aliye mnene, akipunguza kilo 5 kati ya kilo 90, mara nyingi mwezi unaanza kurudi. Si lazima awe mwembamba kama msichana.

VIDONGE VYA KUNENEPESHA

Tusiufiche ukweli. Kwetu unene wa bibi unaonekana kama sifa ya bwana: watu wanasema anamlisha vizuri. Basi wengine wananunua sokoni vidonge vya kunenepesha. Ndani ya vingi mna deksametazoni, dawa kali ya hospitali. Inapandisha sukari ya damu, inapandisha tansio, inachafua mwezi, na inalegeza mifupa. Kwa mwanamke mwenye ugonjwa huu, ni kumwaga mafuta juu ya moto. Aliyekwisha kuzizoea asiache ghafula. Aende kwa munganga amwachishe pole pole.

Na dawa za miti zinazoingizwa ndani ya njia ya uzazi, tunaomba: acheni. Zinachoma na kuleta maambukizo. Shida iko kwenye hormoni, na hormoni hazioshwi na mizizi.

KWA NINI USINGOJE

Wengine wanasema: «Mimi nina watoto tayari. Mwezi ukipotea, napumzika.» Huo si mapumziko mazuri. Mwezi usipokuja muda mrefu, ngozi ya ndani ya tumbo la uzazi inazidi kuwa nene. Baada ya miaka mingi inaweza kuzaa kansa. Kwa hiyo, mwanamke asiyetumia vidonge vya uzazi wa mpango na ambaye mwezi wake umepotea zaidi ya miezi mitatu, amwone munganga. Kuna dawa ya siku chache inayoleta mwezi na kusafisha tumbo.

Hatari nyingine ni sukari na tansio. Mwenye ugonjwa huu anaweza kupata ugonjwa wa sukari akiwa bado kijana. Apimwe sukari na tansio mara kwa mara kama munganga atakavyomwambia. Akipata mimba, aende kwenye kliniki ya wajawazito mapema, tangu miezi ya kwanza, sababu sukari na tansio vinaweza kupanda wakati huo.

Na moyo pia unaumia. Kuchekwa kwa ajili ya ndevu, kuulizwa mtoto kila sikukuu, kunaleta huzuni isiyoisha. Kama bibi hali, halali, analia peke yake, hiyo pia ni dalili. Mwambieni munganga.

KWA WAZAZI WA WASICHANA

Msichana aliyeanza kuona mwezi mwaka huu, mwezi wake haujazoea njia. Usimtishe. Lakini miaka mitatu ikiisha na bado anakaa zaidi ya siku 35, au amefika miaka 15 bila kuona mwezi hata mara moja, mpeleke apimwe. Na ekografi ya ovari isiwe haraka kwa wasichana: katika umri huo vifuko vingi ni jambo la kawaida, na mtu anaweza kupewa jina la ugonjwa asio nao.

KUMBUKA

Mwezi usiokwenda sawa ni alama ya hatari, kama kengele iliyopigwa vibaya. Usiipuuze.

Andika siku zako kwenye kalenda.

Nendeni wawili kwa munganga, si bibi peke yake.

Dawa ya hormoni inatoka kwa munganga, haitoki sokoni.

Pima sukari, pima tansio.

Na wewe bwana, jioni ukitoka posti, kabla ya kusikiliza maneno ya ndugu na ya majirani, mwulize bibi yako hali yake. Msikilize mpaka mwisho. Mwenzako akibanwa na jiwe kule chini, humwulizi kwanza ni nani aliyemloga. Unalisukuma jiwe. Fanya hivyo na nyumbani kwako.